Kosa Halikuwa la Spika

Kwa miaka kumi na tisa nimefundisha fizikia katika shule za sekondari za mkoa wa Mtwara, na kila mada ya mawimbi inapofika huwa nachora ubaoni mistari miwili inayopanda na kushuka kwa kupishana, kilele cha mmoja kikikaa juu ya bonde la mwingine, kisha nawauliza wanafunzi kitabaki nini mistari hiyo ikijumlishwa. Hujibu kwa pamoja kwamba hakitabaki kitu. Jibu hilo ni sahihi na nimelipa alama mara nyingi, lakini ilinichukua muda mrefu, pamoja na fedha nyingi kuliko nilizomtajia mke wangu, kutambua kwamba mchoro ule ule ulikuwa ukijirudia ndani ya milango ya gari langu kila nilipowasha redio.

Gari lenyewe ni Toyota Premio ya mwaka 2003, iliyotoka Japani ikiwa imeshatumika, kama yalivyo mengi tunayoendesha huku. Mama yangu anaishi Lindi, nami humtembelea mara mbili kwa mwezi, safari ya zaidi kidogo ya kilomita 100 inayopita Mikindani na kufika Mingoyo, pale ambapo anayekwenda Masasi na anayekwenda Lindi wanaagana. Katika safari hiyo mimi husikiliza muziki wa dansi wa zamani, ule ambao gitaa la besi halipigwi kwa fujo bali linatembea chini ya wimbo wote kama mtu anayezungumza taratibu. Ndani ya Premio yangu mtu huyo hakuwapo. Nilisikia waimbaji, nikasikia tarumbeta na gitaa la solo, lakini chini yao palikuwa patupu.

Nikaamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba spika za kiwandani zimechoka. Nilinunua nyingine za milango ya mbele, zenye koni ngumu, yaani ule utando wa mbele unaotetemeka, na sumaku nzito, nikazifunga mwenyewe siku ya Jumamosi. Sauti za juu zikawa safi ajabu, kiasi kwamba nilisikia vidole vya mpigaji vikiteleza juu ya nyuzi, ila besi haikurudi. Jambo jipya lililoongezeka ni kwamba nikipandisha sauti, mlango wenyewe ulianza kuimba wimbo wake: mlio wa bati, mkavu, usiofuata noti yoyote iliyopigwa. Kijana mmoja fundi wa redio za magari alikuja, akasikiliza kidogo, akazima redio bila kuniuliza, akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole. Mlango ukalia, na mlio ukakawia kidogo kabla ya kufa.

"Shikamoo tena, mwalimu," akasema kwa mzaha. "Debe tupu haliachi kuvuma. Spika zako ni nzima. Umezifunga kwenye debe."

Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, na siku zote imekuwa ikisemwa juu ya watu. Sikuwahi kuisikia ikisemwa juu ya debe.

Ili nieleze alichokimaanisha, lazima nianze na spika yenyewe. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, kwa wakati huo huo inaivuta hewa iliyo nyuma yake. Inaporudi, mambo hugeuka. Kwa hiyo spika moja hutoa sauti mbili zilizo kinyume, moja mbele na nyingine mgongoni. Spika iliyoshikwa mkononi bila kitu chochote cha kuizunguka haina besi kabisa, kwa kuwa hewa inayosukumwa mbele huzunguka ukingo wa koni na kujaza pengo lililo nyuma kabla haijafika popote. Jambo hili lilijulikana mapema. Mwaka 1925, Chester Rice na Edward Kellogg wa kampuni ya General Electric ya Marekani walipoeleza spika ya koni ambayo ndiyo babu wa spika zetu zote, waliifunga kwenye ubao mpana ili pande hizo mbili zisikutane. Ubao ule haukuwa pambo. Bila ubao, spika yao isingekuwa na sauti nzito.

Katika gari, ubao huo ni mlango, na mlango ni ubao mbaya sana. Ukivua kava la ndani la plastiki na kitambaa, utakuta bati la ndani lililotobolewa matundu makubwa, mengine ya kupitisha ngumi ya mtu mzima, ambayo mtengenezaji aliyaweka ili fundi aweze kuingiza mkono na kufikia mashine ya kioo na kitasa. Juu ya matundu hayo kumebandikwa nailoni nyembamba ya kuzuia maji. Kwa sauti, nailoni hiyo ni kama haipo. Sauti ya mgongo wa spika hutoka kwenye matundu hayo, umbali wa sentimita 20 au 30 tu kutoka kwenye koni, na kukutana na ile ya mbele. Sasa hesabu, kwa kuwa siwezi kujizuia: katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo noti ya besi yenye mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi lenye urefu wa mita tatu na nusu. Mbele ya wimbi refu namna hiyo, sentimita 30 ni sawa na bure. Sauti mbili zinakutana karibu zikiwa kinyume kabisa, na zinafutana. Lakini noti ya juu yenye mitetemo 5,000 ina wimbi la sentimita saba tu, na zaidi ya hayo sauti za juu huenda moja kwa moja mbele ya koni wala hazizunguki ovyo, kwa hiyo zenyewe hupona. Ndiyo maana nilisikia vidole juu ya nyuzi nisisikie gitaa la besi. Mistari yangu miwili ya ubaoni ilikuwa pale, ndani ya mlango, umbali wa goti langu.

Hilo ndilo kosa la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa. La pili ni lile la debe. Bati la nje la mlango lina unene usiofika milimita moja, ni pana, na limeshikwa kwenye kingo tu, kama ngozi ilivyoshikwa kwenye ngoma. Kila kitu cha namna hiyo kina mtetemo wake kinaoupenda, na spika ikiupiga mtetemo huo bati huitikia, kisha huendelea kulia hata noti ikiwa imekwisha. Yeyote aliyewahi kumtazama mpiga ngoma wa sindimba kwa makini anajua dawa yake: akitaka mlio mfupi huacha kiganja kikae juu ya ngozi. Kiganja hakiongezi nguvu wala hakipunguzi urefu wa ngoma. Kinakula mtetemo tu. Kinachotafutwa kwenye mlango wa gari ni kiganja kisichochoka.

Hapa ndipo nilipoingia hasara. Fundi wa kwanza niliyemkabidhi kazi, ambaye si yule kijana wa debe na ambaye sitamtaja, alinishauri utepe wa lami, ule wa kuzibia mabati ya nyumba yanayovuja, wenye karatasi inayong'aa upande mmoja. Unapatikana katika maduka ya vifaa vya ujenzi na bei yake ni nafuu. Nilikubali tuanze na mlango mmoja wa majaribio, wa nyuma kushoto. Aliubandika kila mahali, juu hadi chini, kwa bidii ambayo ningeisifu kama ingekuwa mahali pengine. Mlango uligongeka vizuri siku ile. Ilipofika Desemba, gari likiwa limeegeshwa uwanjani pa shule ambapo kivuli cha mwembe huhama ifikapo saa sita, bati la nje likawa haligusiki kwa moto, na lami ikafanya kile ambacho lami hufanya. Ililegea, ikaanza kushuka pole pole, ikanuka ndani ya gari kama barabara mpya. Nguo ya shule ya binti yangu ilipata doa jeusi lisilotoka mpaka leo.

Harufu tungeizoea. Mvua zilipoanza, nilikata kona ya kuingia Mikindani nikasikia maji yakienda upande na kurudi, chwaa, kama mtungi kichwani mwa mtu anayekimbia. Nilidhani ni dumu kwenye buti. Kumbe mlango. Watu wengi hawajui kwamba mlango wa gari hupokea maji kila mvua inaponyesha: yanashuka kwenye kioo, yanapita kando ya mpira wa dirisha, yanaingia ndani ya mlango, kisha yanatoka kwa vitundu vidogo vilivyo kwenye ukingo wa chini. Fundi wangu alikuwa ameviziba vyote. Nakiri kwamba mlango ule, ukiwa na maji nusu, haukuvuma hata kidogo. Lakini sisi tunaishi kando ya bahari, na hewa yetu ina chumvi. Bati lililolowa kwa wiki chache huku halisamehe. Nilipovua kava nilikuta kutu imeshakaa kwenye pindo la chini lote.

Baada ya hapo niliacha kumtuma mtu, nikaanza kusoma, kisha nikamtafuta yule kijana wa debe ili tufanye kazi pamoja, yeye kwa mikono yake na mimi kwa maswali yangu mengi ambayo aliyavumilia kwa adabu. Alisema tangu mwanzo kwamba tutatumia karatasi za mpira wa butili zenye alumini juu, unene wa milimita mbili, na kwamba nisimletee godoro. Nilimwuliza kwa nini amelitaja godoro. Akasema kila mteja wa tatu humletea vipande vya godoro vya kujaza mlangoni, akidhani sauti ni kama maji, itafyonzwa. Sponji la godoro linafyonza, ni kweli, ila linachofyonza huko ndani ni maji ya mvua, na kazi yake ya pili ni kuyalaza juu ya bati mchana na usiku. Bati halitulizwi na kitu kilicholegea kilichowekwa jirani yake. Linatulizwa na kitu kilichoshikamana nalo.

Butili ni mpira wa kutengenezwa, uliogunduliwa Marekani mwaka 1937 na William Sparks na Robert Thomas waliokuwa wakifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Standard Oil. Umaarufu wake wa kwanza ulikuwa kwenye tyubu za matairi, kwa sababu haupitishi hewa kirahisi kama mpira wa asili. Una sifa nyingine mpira huu, ambayo mtengeneza manati angeiita kasoro: ni mvivu. Ukiuvuta na kuuachia haurudi kwa nguvu uliyoupa. Sehemu ya nguvu hiyo inageuka joto ndani yake na kupotea. Kwa manati hiyo ni hasara tupu. Kwa bati linalolia, hiyo ndiyo dawa. Na ile alumini ya juu, ambayo nilidhani imewekwa kwa urembo au kwa kurudisha joto la jua, ina kazi yake. Bati linapojikunja kwa mtetemo, alumini inakataa kuvutika pamoja nalo, na mpira uliobanwa katikati unasuguliwa huku na huku na pande mbili zisizokubaliana. Katika kusuguliwa huko ndiko mtetemo unakogeuka joto, joto dogo sana ambalo mkono hauwezi kulihisi. Karatasi isiyo na alumini hufanya kazi, lakini kwa kiasi kidogo kuliko hii.

Kwa kufuata kanuni hiyo, kuna mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza, si lazima kufunika bati lote. Robo ya eneo la bati la nje, ikiwekwa katikati panapocheza zaidi na nyuma ya spika, inaondoa sehemu kubwa ya mlio. Kinachoongezwa baada ya hapo kina faida inayopungua kila karatasi. La pili, karatasi hizi hazizuii kelele za barabarani kama zinavyosifiwa. Zinanyamazisha bati, basi. Muungurumo wa matairi kwenye lami kavu unaingia kutoka sakafuni na kwenye mipira ya milango iliyochakaa, na kuuzuia kunahitaji uzito na kufunga nafasi zote, kazi tofauti yenye gharama tofauti.

Tulianza na milango ya mbele. Kuvua kava ni suala la subira: skrubu moja imejificha nyuma ya kitasa cha ndani, nyingine chini ya swichi ya kioo, kisha pini za plastiki zinazoizunguka kava, ambazo kwa gari la umri huu mbili au tatu lazima zivunjike, kwa hiyo ni busara kununua za akiba kabla. Kusafisha kulichukua muda mrefu kuliko kubandika. Mwaka uliotangulia nilikuwa nikienda Newala mara kwa mara kusimamia mitihani, na vumbi jekundu la uwanda wa Makonde lilikuwa limekaa ndani ya mlango kama unga wa kinu. Tulilipangusa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa maji, kisha kwa spiriti mara mbili, kwa kuwa gundi inayobandikwa juu ya vumbi inashika vumbi, haishiki bati. Wenzetu wa nchi za baridi hupasha karatasi moto kwa mashine ili zilainike. Sisi tulizianika juu ya boneti kwa dakika chache zikawa laini kama chapati. Kijana alizigandamiza kwa kirola kidogo cha mbao mpaka alama ndogo ndogo zilizochorwa kwenye alumini zikapotea, na nilipotaka kumsaidia kwa mgongo wa kijiko alinitazama kama mimi ninavyomtazama mwanafunzi anayepima urefu kwa kalamu.

Matundu ya bati la ndani ndiyo yalinifurahisha zaidi. Kubandika karatasi laini peke yake juu ya tundu kubwa hakutoshi, kwa sababu itacheza kama ngozi ya ngoma nyingine na tutakuwa tumeondoa debe moja na kutengeneza la pili. Tulikata vipande vya bati la alumini kulingana na kila tundu, tukavifunga kwa skrubu, tukaweka ukanda wa butili pembeni ili hewa isipite, kisha karatasi juu yake. Skrubu zina sababu: mashine ya kioo itakuja kuharibika siku moja, na fundi wa siku hiyo ataweza kufungua kipande kimoja bila kukata kila kitu kwa kisu huku akinilaani. Ukanda wa chini wa mlango, upana wa vidole vinne, hatukuugusa kabisa, na vile vitundu vya maji nilivipitisha waya mmoja mmoja mwenyewe, nikamwaga kikombe cha maji juu ya kioo, nikapiga magoti kutazama yakitoka. Yalitoka. Kwa wenye magari mapya zaidi ya langu naongeza tahadhari moja: baadhi yana kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani ya mlango kinachofyatua mifuko ya usalama ya ubavuni, na milango ya hayo isizibwe wala kufunguliwa bila mtu anayeyajua.

Palibaki pete ya kukalia spika. Ile niliyoichonga zamani kwa plaiwudi ilikuwa imevimba kwa unyevu na kuacha mwanya ambao kidole kingepita. Kijana alisema plastiki ngumu ndiyo inayofaa, isiyooza, unene wa sentimita moja hivi, nikakumbuka mahali nilipoiona. Ubao wa plastiki wa kukatia nyama na vitunguu ulitoa pete mbili safi. Mke wangu ameshanunuliwa ubao mwingine, ulio bora zaidi, na suala hilo kwetu limefungwa, ingawa hutajwa wageni wanapokuja.

Kabla ya kurudisha kava tuliwasha redio tukapiga kutoka kwenye simu sauti moja inayopanda polepole, kuanzia mitetemo 40 kwa sekunde hadi 200, huku mmoja akipapasa mlango kwa kiganja. Fimbo ya kitasa ililia kwenye 70, tukaizungushia kipande cha kitambaa. Waya wa swichi uligonga kava kwenye 110. Hizo ni kelele ndogo ambazo zamani zilimezwa na kelele kubwa, na zinaweza kumpotezea mtu siku nzima, kwa hiyo tulikubaliana kuacha ilipofika saa kumi na moja jioni, kabla kijana hajanichoka.

Spika ni zile zile, redio ni ile ile, wala sijaongeza amplifaya wala sabufa. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Lindi. Nilipoipita ghuba ya Mikindani gitaa la besi liliingia, si kwa kishindo, bali kama mtu aliyekuwa amekaa kiti cha nyuma muda wote na sasa ameamua kuchangia mazungumzo. Nililazimika kupunguza sauti chini ya nilivyozoea, kwa kuwa kumbe nilikuwa nikiipandisha miaka yote kutafuta kitu ambacho hakikuwa kikitoka mlangoni. Niliugonga mlango kwa kifundo cha kidole nikiwa nimesimama Mingoyo kununua machungwa: ndu, basi. Muuza machungwa akauliza kama gari lina tatizo.

Mama hakusema lolote juu ya besi. Alipopanda tukienda kumwona shangazi, alifunga mlango wa mbele, akasita, akaufungua na kuufunga tena. "Mwanangu," akasema, "umebadilisha gari?" Nikamweleza habari yote, ya mawimbi na ya mpira mvivu, naye akasikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza hotuba, halafu akaniuliza kwa nini basi mlango ule wa nyuma kushoto unanuka lami.

Mlango huo bado haujafanywa. Lami nimeikwangua kwa mafuta ya taa na kisu kwa siku tatu, na imebaki ya kwenye pembe. Fundi wa bodi amesema kutu ya pindo la chini lazima ikatwe na kuchomelewa bati jipya kabla ya kubandika chochote, nami nangoja mvua ziishe.